Kuhesabu Moyo wa Fuko

Mabasi ya Nairobi na Mombasa husimama Mtito Andei, Makueni, abiria wakashuka kunywa chai na kunyoosha miguu. Ni eneo hilohilo ambako watafiti walienda kuwachimbua mafuko wasio na manyoya, wanyama wa gramu 30 hivi wanaoishi ardhini chini ya malkia mmoja mfano wa nyuki, jambo ambalo Jennifer Jarvis aliutangazia ulimwengu wa sayansi mwaka 1981. Mwaka 2017 watafiti wengine, akiwemo Thomas Park wa Chicago na Gary Lewin wa Berlin, walionyesha kuwa fuko huyu hustahimili dakika 18 bila oksijeni kabisa. Mapigo ya moyo wake yalishuka kutoka takriban 200 kwa dakika hadi 50 hivi, na aliporudishiwa hewa akazinduka.

Wengi hushangazwa na zile dakika 18. Mimi nimenasa kwenye ile 50, kwa sababu moyo haujihesabu.

Kinachoingia kwenye kompyuta ya maabara ni volti ndogo mno iliyojaa uchafu. Mnyama akihema, mstari mzima hupanda na kushuka. Akitikisika, misuli yake nayo hutoa umeme. Juu ya yote kuna mvumo wa umeme wa ukutani, ambao huenda mizunguko 50 kwa sekunde Kenya na Berlin, na 60 Chicago. Kichujio kilichotegwa kwa ajili ya maabara moja hakitafua dafu katika nyingine. Programu za kurekodi huja na zana tayari: chuja, lainisha, tafuta vilele, hesabu kasi. Kuzibonyeza si kazi. Kazi ni kujua pa kuishia.

Mama wa Kitui anayepepeta ndengu huutikisa ungo akiangalia kinachoruka, maana akizidisha nguvu punje nyembamba huondoka na makapi. Kilele cha mpigo wa moyo wa mnyama mdogo nacho ni chembamba, chenye kupita upesi kuliko cha binadamu. Ukikilainisha kwa kuchukua wastani wa vipimo jirani, kinakuwa kifupi na kinene, na ukizidisha kinazama kabisa. Ndiyo maana wengi huipenda njia waliyoichapisha Savitzky na Golay mwaka 1964: badala ya wastani mtupu, kila kipande kidogo cha data huchorewa mkunjo unaokifuata, na kilele hubaki na sehemu kubwa ya urefu wake.

Kuhesabu ndiko kwenye mtego wenyewe. Mwaka 1985 Pan na Tompkins walitoa mbinu ya kutambua mapigo ambayo ingali inatumika. Mpigo ukichelewa kupita kiasi, kompyuta inashuku imeukosa, inarudi nyuma na kuutafuta kwa kigezo kilicholegezwa. Kwa mgonjwa wa kawaida huo ni werevu. Lakini moyo wa mapigo 200 hupiga kila sekunde 0.3, na wa mapigo 50 kila sekunde 1.2. Kasi ikiporomoka ghafla, mbinu hiyo itarudi kupekua ukimya ulio halali kabisa, ikaokota mtetemo wa msuli na kuuandika kuwa mpigo. Anayeijua kazi hukagua vilele kwa macho, hasa pale grafu ya kasi inaporuka bila sababu, kisha huvifuta au huviongeza kimoja kimoja. Inachosha, na wakubwa hupenda kuwaachia vijana.

Hospitalini pia uangalifu huu una bei yake. Katika kipimo cha moyo cha binadamu, kichujio kinachokata chini ya mzunguko 0.5 kwa sekunde huunyoosha mstari ukapendeza, lakini chaweza kupindisha kile kipande kifupi baada ya kilele ambacho daktari hukisoma akishuku shambulio la moyo. Kwa utambuzi wa ugonjwa hupendekezwa kushuka hadi 0.05, mstari uyumbe kidogo.

Na faili ghafi haifutwi. Kila kichujio huwekwa kwenye nakala, na mipangilio yake ikaandikwa kando, ili mwingine mwenye shaka na ile 50 aanze upya kuhesabu.