Hadithi Fupi katika Majarida ya Picha ya Uingereza: Burudani ya Nani?

Wako ndugu wanaodai kuwa hadithi za upelelezi na vituko ni upuuzi wa mabepari, na kwamba mwanachama aliyekomaa kiitikadi hana haja nazo. Wako wengine wanaoshikilia kuwa hadithi ni burudani tu, na burudani haina siasa. Misimamo yote miwili ni ya kivivu. Wa kwanza unaitupa silaha ya adui bila kuchunguza ilivyotengenezwa, na wa pili unaidhani kuwa mwanasesere. Sisi tunapendelea kuitazama karakana yenyewe, yaani majarida ya picha yaliyochapishwa London tangu mwaka 1891 hadi kuanza kwa Vita Kuu ya Kwanza, maana humo ndimo hadithi fupi ya aina hii ilimokomaa na kupata nguvu ya kusafiri hadi kwetu.

Hapana budi kuanza na msingi wa uchumi. Sheria ya Elimu ya mwaka 1870 haikutungwa Uingereza kwa sababu mabwanyenye waliingiwa ghafla na huruma kwa watoto wa wavujajasho. Ubepari wa viwanda ulihitaji makarani, wauza maduka na watumishi wa reli wanaojua kusoma na kuhesabu. Walipopatikana, watu hao wakageuka kuwa soko. George Newnes aliliona soko hilo mapema. Mwaka 1881 alianzisha Tit-Bits, gazeti la vipande vipande vya habari na mzaha, na Januari 1891 akatoa The Strand Magazine kwa bei ya peni sita, nusu ya shilingi ambayo majarida ya kila mwezi yalizoea kutoza. Alikusudia kila ukurasa uwe na picha. The Windsor Magazine lilifuata mwaka 1895 na Pearson's Magazine mwaka 1896. Yote yalitegemea sana fedha za matangazo ya biashara, na kwa hiyo msomaji hakuuziwa hadithi tu. Yeye mwenyewe, macho yake na mfuko wake, aliuzwa kwa watengenezaji wa bidhaa.

Mahitaji hayo ndiyo yaliyoamua umbo la hadithi. Karani aliyesoma ndani ya treni hakuwa na nafasi ya riwaya ya majalada matatu. Arthur Conan Doyle, daktari aliyekuwa na wagonjwa wachache na muda mwingi, alipata ufumbuzi mwaka huo huo wa 1891: shujaa awe mmoja mwezi hadi mwezi, lakini kila kisa kianze na kuisha ndani ya toleo moja. Aliyekosa toleo hakupotea njia, na aliyelisoma alirudi tena. Mchoraji Sidney Paget akampa Sherlock Holmes uso ambao msomaji aliutambua kabla ya kusoma neno. Hii ni mbinu ya soko, lakini pia ni ufundi wa kweli. Anayebisha na atazame msomaji wa kawaida anavyokishika kijitabu cha upelelezi, na anavyokishika kijitabu chenye hotuba.

Sasa tuingie ndani ya hadithi moja, kwa maana lawama za jumla hazimfundishi mtu. Tumechagua «The Adventure of the Devil's Foot», iliyotoka katika The Strand Magazine Desemba 1910. Huko Cornwall, dada mmoja anakutwa amekufa na kaka zake wawili wamepata wazimu, wote wakiwa mezani walipokuwa wakicheza karata. Kaka wa tatu, Mortimer Tregennis, ndiye muuaji. Ameitumia sumu ya mzizi kutoka Afrika, aliyoiiba kwa mwindaji simba aitwaye Leon Sterndale. Sterndale, aliyempenda yule dada, analipiza kisasi kwa sumu hiyo hiyo. Holmes anagundua yote, kisha anamwachia aende zake Afrika kukamilisha kazi yake.

Tazama kwanza chanzo cha uovu huo. Jamaa wa Tregennis walikuwa wachimbaji wa madini ya bati huko Redruth. Waliuza mali yao kwa kampuni, na katika kugawana fedha wakagombana. Hapo mwandishi ameshika mkononi ukweli mkubwa: mtaji umeingia katika nyumba moja na kuvunja udugu. Lakini anaupita haraka, kama mtu apitaye mlango wa jirani anayemdai. Kampuni haionekani tena. Watu waliokuwa wakishuka chini ya ardhi kuchimba bati hilo hawamo kabisa. Kosa la mfumo limegeuzwa kuwa tabia mbaya ya mtu mmoja mwenye macho ya ujanja, na akishakufa mambo yote yametengemaa. Huu ndio ufunguo wa hadithi nyingi za majarida hayo: mhalifu ni mtu, kamwe si utaratibu.

Tazama pili sumu yenyewe. Tunaambiwa ilitoka nchi ya Ubangi, na kwamba waganga huitumia kwa siri kuwapima watuhumiwa. Mwafrika aliyeujua mzizi huo hana jina, hana sura wala neno la kusema. Elimu yake imechukuliwa, na yeye ameachwa kama kivuli kinachotisha. Na ile «kazi» ya Sterndale huko Afrika ni kazi gani? Hadithi haioni haja ya kueleza. Kwa msomaji wa London wa mwaka 1910 ilitosha kusema kuwa Mzungu ana kazi Afrika.

Hapa ndipo tunapokutana na jambo zito. Mto Ubangi ulikuwa mpaka wa Kongo ya Mfalme Leopold, iliyokuwa mali yake tangu mwaka 1885 hadi 1908, ambako watu walikatwa mikono na vijiji vilichomwa kwa ajili ya mpira. Conan Doyle hakuwa mjinga wa habari hizo. Mwaka 1909, mwaka mmoja tu kabla ya hadithi yetu, alitoa kitabu kizima, The Crime of the Congo, kulaani unyama huo. Basi kalamu ile ile iliyojua kuwa sumu iliyoua watu Kongo ilitoka Ulaya, ilipoandikia jarida la peni sita ikasema sumu inayoua Ulaya imetoka Kongo! Hatusemi mtu huyu alikuwa mnafiki. Alipinga ukoloni wa Leopold, si ukoloni. Utawala wa Waingereza aliutetea kwa maandishi wakati wa vita vya Makaburu. Tena umbo la hadithi lilidai hatari itoke mbali, imfikie msomaji kitini pake, kisha iondolewe kabla ya treni kufika. Umbo hilo halikuwa na nafasi ya kumwambia kuwa hatari yatoka kwake.

Hata hivyo karakana haikutoa bidhaa ya namna moja. Aprili 1904 jarida hilo hilo lilichapa «The Country of the Blind» ya H. G. Wells, aliyekuwa amejiunga na chama cha Wafabiani mwaka 1903. Mpanda milima aitwaye Nunez anatumbukia katika bonde la Andes ambalo watu wake wote ni vipofu. Anajihesabu mtawala wao kwa kuwa ana macho. Mambo yanakuwa kinyume: wenyeji wana mpango kamili wa maisha, nyumba na njia zao zimejengwa kwa ujuzi wao, na macho yake hayamfai kitu, mpaka wanataka kuyatoa ili apone. Wasomaji wa dola lililotawala bara hili walilipia peni sita kusoma kushindwa kwa mtu ajaye na madai ya kutawala. Wells hakuwa mkombozi wetu, na wale vipofu wake nao ni wagumu wa fikra. Lakini kisa hiki chathibitisha kuwa umbo halikuwa limefungwa kwa tabaka moja bila njia ya kutoka.

Ushahidi ulio bora zaidi uko kwetu. Muhammed Said Abdulla wa Unguja aliuchukua ufundi wa Conan Doyle waziwazi, pamoja na kiko na rafiki wa kuandamana naye. Mzimu wa Watu wa Kale ulishinda katika mashindano ya uandishi ya mwaka 1957-58 na kuchapishwa mwaka 1960. Maiti inakutwa mzimuni, na watu wako tayari kuwatwika lawama mizimu. Bwana Msa anakataa. Anatafuta sababu, anapima maneno ya watu, anamfikia mtu aliyetenda. Katika hadithi ya mwaka 1910 Mwafrika ndiye fumbo, na Mwingereza ndiye akili. Hapa Mwafrika ndiye akili, tena akiwa nyumbani kwake, katika lugha yake, na fumbo linafumbuliwa mbele ya jirani zake.

Hatuna haja ya kumtukuza kupita kiasi. Bwana Msa naye ni mtu wa mjini, hatumwoni na jembe, na kwake pia mhalifu akishajulikana utaratibu wa mashamba haulizwi swali lolote. Kazi hiyo imebaki kwa waandishi wetu. Katika vikundi vya kujifunza tungependa hadithi hizi tatu zisomwe pamoja, kwa mfuatano wa miaka yake, na mkufunzi asitangulize hukumu. Aanze na swali dogo: nani alichimba lile bati la Redruth?