Gari Linapolia Chini: Grisi Haiponyi Mpira

Peleka gari dogo linalolia chini kwenye gereji nyingi za Tunduma, na dawa ya kwanza utakayopewa ni grisi. Fundi atalala chini ya gari, atapaka kila kiungo anachokifikia, atapuliza mafuta ya kulegezea kutu pale mkono usipofika, na sauti itakoma. Baada ya siku chache itarudi, mara nyingi kubwa kuliko mwanzo. Hapo ndipo mwenye gari anaambiwa shokapu zimekwisha.

Mazoea haya yana asili yake. Tunduma ni mji wa malori. Barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam inafika hapa na kuendelea Nakonde upande wa Zambia, na mizigo ya Zambia na Kongo hupita kwenye mpaka huu usiku na mchana. Mafundi wengi walijifunzia kazi kwenye malori. Chini ya lori, springi za bapa zimeshikwa na pini na shakoli, na penye pini kuna nipo ya kupigia grisi. Chuma kinasugua chuma, kwa hiyo bila grisi pini inaliwa na tundu linapanuka. Fundi anayeipiga grisi pini ya lori anaokoa springi. Lakini gari dogo kama Toyota IST halina nipo hata moja huko chini, na si kwa bahati mbaya. Viungo vyake vingi ni bushi za mpira, na vile vyenye chuma ndani, kama boljointi, vimefungiwa grisi yao kiwandani ndani ya mfuniko wa mpira. Grisi ya kawaida na oili chafu hutokana na mafuta ghafi. Mpira wa asili ukikaa nayo huyanyonya, huvimba, hulainika, kisha huanza kumeguka. Juu ya hapo, vumbi jekundu la Wilaya ya Mbozi hunata kwenye grisi na kuwa tope linalosaga. Dawa ileile inayolinda lori inaua gari dogo.

Kazi ninayoichambua hapa ilihusu IST ya mfanyabiashara wa nafaka ambaye hutembea kati ya Tunduma, Vwawa na Mlowo, na msimu wa mavuno huingia barabara ya Kamsamba inayoshuka kuelekea bonde la Ziwa Rukwa. Gari lilikuwa likilia mbele. Lilishapakwa grisi, likabadilishwa shokapu zote mbili za mbele, na bado likalia. Nimelichagua kwa sababu lilikuwa na sauti mbili zilizochanganyika, na ya pili ilizalishwa na matengenezo yenyewe.

Fundi aliyelipokea safari hii hakugusa spana kwanza. Aliuliza. Swali la msingi lilikuwa kama gari linalia au linagonga, kwa sababu hizo ni habari mbili tofauti. Kugonga, ile “ko-ko-ko” ya kwenye mashimo madogo, ni dalili ya kitu kilicholegea: linki ya stabilaiza, maunti ya shokapu, boljointi iliyopata nafasi. Kulia ni dalili ya vitu viwili vinavyosuguana bila kuteleza vizuri. Mpira unashika chuma, unavutika, unashindwa, unaachia ghafla, unashika tena, na hayo hutokea mara nyingi mno ndani ya sekunde moja mpaka sikio linasikia mlio mmoja mrefu. Ni kile kinachotokea raba mpya inapokwaruza sakafu ya vigae. IST hii ilikuwa inalia. Hilo peke yake lilitosha kuziondolea shokapu mashaka, kwa kuwa shokapu iliyokufa kwa kawaida huvuja, hugonga au huliacha gari lirukeruke. Mara chache sana hulia kama mpira.

Swali lililofuata lilikuwa la majira. Mwenye gari alijibu kwamba wakati wa masika sauti hupotea, na kiangazi, hasa asubuhi za Juni na Julai ambapo baridi ya Mbozi inauma, huwa kali kuliko wakati wowote. Jibu hilo lina thamani kubwa. Maji ya mvua hulainisha mgusano wa mpira na chuma kwa muda, na baridi huufanya mpira kuwa mgumu. Chuma kilicholegea hakijali sana mvua. Kwa hiyo kabla gari halijanyanyuliwa, ilikwishajulikana kwamba anayetafutwa ni mpira mkavu ulio wazi kwa hewa na vumbi.

Kisha wakalitembeza, na hapa barabara ya mkoa huu wa Songwe yenyewe inageuka kuwa kipimo. Kuna matuta yanayokatiza barabara moja kwa moja, yale ya kukaribia makazi. Gurudumu la kushoto na la kulia hupanda pamoja. Na kuna mabonde yaliyochimbwa na magurudumu ya malori kwenye lami, ambayo humfanya dereva wa gari dogo atembee upande mmoja juu, mwingine chini. Mizani ya Mpemba ipo kuzuia uzito uliopitiliza, na sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 imeweka ukomo wa tani 56 kwa gari na mzigo wake, lakini hata uzito halali ukipita kwa wingi kiasi hiki, lami hubonyea.

Tofauti ya tuta na bonde inagusa moja kwa moja stabilaiza, ile fimbo ya chuma inayounganisha upande wa kushoto na wa kulia ili gari lisilale kwenye kona. Magurudumu yakipanda pamoja, fimbo huzunguka tu ndani ya bushi zake mbili bila kuzikandamiza sana. Gurudumu moja likipanda peke yake, fimbo inajisokota, na nguvu ya kujisokota huko hubebwa na bushi hizohizo. Bushi kavu iliyokandamizwa hupiga kelele zaidi. Bushi ya wishiboni, ule mkono wa chuma unaoshikilia gurudumu kwenye fremu, haina ubaguzi huo: gurudumu lake likipanda, inafanya kazi, liwe limepanda na mwenzake au peke yake. IST hii ililia sana kwenye mabonde ya malori na kidogo kwenye matuta. Mkono wa mashaka ukaelekea stabilaiza, ingawa ile “kidogo” ya kwenye matuta ilibaki bila maelezo, na fundi mzuri hairuki alama ya namna hiyo.

Gerejini, mtu mmoja alikandamiza kona ya mbele kushoto na kuachia, akirudia, huku fundi akiwa shimoni na bisibisi ndefu. Ncha ya bisibisi inawekwa kwenye chuma kilicho karibu na bushi, mpini unabanwa sikioni. Sauti husafiri ndani ya chuma, hivyo ni rahisi kudanganyika kwa kusikiliza hewani. Mlio unaotoka upande wa kushoto unaweza kusikika kama unatoka chini ya miguu ya dereva. Baada ya bisibisi yalikuja maji. Chupa ya kawaida ya kupulizia, bushi moja kwa wakati, kisha gari linakandamizwa tena. Bushi ya kushoto ya stabilaiza ilipolowa, mlio mkubwa ulikatika. Ilipokauka, ukarudi. Maji ni bora kuliko mafuta kwa kipimo hiki kwa sababu hayaachi madhara, na kwa sababu yanakauka na kukuruhusu kurudia.

Bado walitaka uthibitisho mmoja. Walifungua linki za stabilaiza za pande zote mbili, wakafunga ncha za fimbo zisigongane na kitu, na gari likatembezwa polepole kwenye uwanja. Bila linki, stabilaiza haifanyi kazi, na gari hulala zaidi kwenye kona, hivyo si jambo la kwenda nalo barabara kuu. Mlio mkubwa haukuwepo. Ule mdogo ulikuwepo.

Kufungua bushi za stabilaiza kwenye magari ya aina hii ni kazi ya mahali pafinyu, na ninaamini hiyo ndiyo sababu halisi ya shokapu kubadilishwa mapema mno: shokapu inafikika. Bushi zilipotoka zilieleza historia yote. Mpira ulikuwa umevimba kingoni, laini kama sabuni iliyolowa, na ndani yake kulikuwa na tope jeusi la grisi na udongo. Fimbo mahali pa bushi ilikuwa na kutu yenye mikwaruzo. Fundi aliisugua kwa msasa mpaka ikawa laini, akaipima unene kwa kalipa, kisha ndipo akatuma watu dukani. Kipimo hiki watu hukiruka. Gari la jina moja linaweza kuja na fimbo za unene tofauti kulingana na toleo, na bushi iliyozidi milimita moja itagonga, iliyopungua itabana na kulia upya. Bushi mpya zilifungwa kavu. Kama kilainisho kingehitajika, kingekuwa grisi ya silikoni, ambayo haili mpira wa bushi hizi.

Ukabaki ule mlio mdogo, mzito, wa kwenye matuta na wakati wa kufunga breki. Maji hayakuunyamazisha kwa sababu haukuwa kwenye uso wa mpira. Ulitoka kwenye bushi ya mbele ya wishiboni ya kulia, ambayo ilibadilishwa siku ileile ya shokapu. Bushi hii haizunguki kama beringi. Mpira umegandishwa kwenye bomba la nje na la ndani, na bolti inapokazwa, bomba la ndani hubanwa lisisogee kabisa. Wishiboni ikipanda na kushuka, mpira wenyewe ndio unaojinyonga. Kwa hiyo pale bolti inapokazwa ndipo mpira unapohesabu kuwa mahali pake pa kupumzika.

Sasa fikiria bolti ikikazwa, kama ilivyokuwa kwa IST hii, gari likiwa juu ya jeki na gurudumu linaning'inia. Chukua wishiboni ya sentimita 30 iliyoshuka sentimita 8 chini ya kimo chake cha kawaida: hiyo ni pembe ya nyuzi 15 na zaidi kidogo. Gari likishushwa, mpira unaanza maisha yake ukiwa tayari umenyongwa nyuzi hizo, hata likiwa limeegeshwa. Likipanda tuta, zinaongezeka nyingine. Mpira unapasuka mapema, na sehemu zilizopasuka zinaanza kusuguana. Spea inalaumiwa kuwa feki, wakati kosa ni la mkao wa gari wakati wa kukaza.

Mpira wa bushi hii ulikuwa umeanza tu kuchanika juu juu. Fundi alilegeza bolti, akalishusha gari juu ya shimo likasimama kwa magurudumu yake, wakalikandamiza mbele mara kadhaa likatulia kwenye kimo chake, kisha akakaza kutoka chini, kwa spana yenye kipimo cha nguvu. Bolti isiyokazwa vya kutosha nayo hulia, kwani bomba la ndani huteleza kwenye fremu. Gereji isiyo na shimo inaweza kuweka jeki chini ya wishiboni karibu na boljointi na kuinua mpaka gurudumu lifike kimo cha kawaida. Mlio ukaisha, ingawa mwenye gari aliambiwa wazi kwamba bushi hiyo imepoteza sehemu ya umri wake.

Kuna milio miwili ambayo haitakiwi kusubiri uchunguzi mrefu hivi. Gari likilia unapozungusha usukani likiwa limesimama, weka mkono kwenye springi ya mbele huku mwingine akizungusha: springi ikishika kisha ikaruka, beringi ya juu ya shokapu imekwama. Kama springi inazunguka vizuri na mlio unatoka chini karibu na gurudumu, ni boljointi iliyopoteza grisi yake baada ya mfuniko kupasuka. Boljointi ikichomoka, gurudumu hulala na usukani haulishiki tena gari. Hiyo usiipake kitu wala usiisikilizie mpaka wiki ijayo, ibadilishwe.

Basi wewe mwenye gari dogo Tunduma, Vwawa au Mlowo, gari likianza kulia andika linalia lini na kwenye barabara ya namna gani, kisha mpelekee fundi maandishi hayo kabla hajashika kopo la grisi. Akibadilisha bushi ya wishiboni na kutaka kuikaza gurudumu likiwa linaning'inia, mzuie. Ukiona hakubali, mlipe kazi aliyokwisha kuifanya, umpelekee fundi mwingine gari lako.