Siku Tatu Chini ya Mabati

Kabla hajafungua kopo lolote, fundi alitoa mfukoni karatasi ya mkate, ile nailoni nyepesi, akaipuliza ikafunguka, akatia mkono ndani. Kisha akaupitisha mkono huo juu ya boneti, polepole, kutoka kwenye kioo cha mbele kushuka hadi kwenye taa. "Sikiliza," akaniambia. Nikasogeza sikio. Krr, krr, kama kiganja kinachopita juu ya meza yenye mchanga. Macho yangu yalikuwa yamekwisha kuamua kwamba gari ni safi. Lilikuwa limetoka kuoshwa na kukaushwa, na mabati ya paa la banda yalionekana yote kwenye weusi wake. Lakini mkono uliovaa nailoni hauhadaiki na mng'aro, na kila chembe iliyonasa kwenye rangi ilijitaja. Zamani alitumia mifuko ya dukani. Tangu mifuko hiyo ipigwe marufuku, Agosti 2017, amehamia kwenye karatasi ya mkate, na anasema hajapoteza kitu, kwani sasa kazi inaanza na kifungua kinywa.

Gari lilikuwa Toyota Premio nyeusi ya mwalimu mmoja wa upande wa Litein. Kama nyingi za aina yake, ilishuka Mombasa ikiwa imekwisha kutembea barabara za Japani. Sheria yetu inaruhusu gari lisilozidi miaka 8, kwa hiyo rangi hufika hapa na mambo yake ya nyuma. Huku Kericho ikaongezewa mengine: murramu ya mashamba ya chai, tope jekundu linalong'ang'ania kama deni, utomvu wa mikalitusi, na jua. Mgeni hulidharau jua la Kericho kwa sababu ya baridi. Mji uko takriban mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, karibu kabisa na ikweta, na jua linalochoma rangi halihitaji joto ili lifanye kazi yake.

Halafu kuna mvua, na hapo ndipo ufundi wa huyu bwana unapotofautiana na wa wenzake wa Nakuru au Nairobi. Asubuhi anga ni safi. Saa nane mchana wingu linapanda kutoka upande wa Ziwa Victoria. Saa tisa mabati yanalia, na mara nyingine ni mvua ya mawe, ile inayotoboa majani ya chai. Sasa dawa anayotaka kupaka, ile ambayo mafundi wote wanaiita silanti, inataka saa kumi na mbili, na afadhali siku nzima, bila kuguswa na tone la maji. Ndiyo maana banda lake limezibwa turubai pande tatu, na ndiyo maana alimwambia mwalimu tangu Jumatatu, "Mwalimu, hii gari italala kwangu. Wewe utapanda matatu." Mwalimu alinung'unika kidogo, akaacha funguo.

Kuosha sitakusimulia sana, ingawa kulichukua muda mrefu. Ndoo zilikuwa mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuzia, na chini ya ile ya kusuuzia kulikuwa na kipande cha wavu mgumu ili mchanga ukishatua usipande tena. Magurudumu kwanza, kwa kitambaa chake chenyewe. Kisha paa, kushuka. Mkono ulikwenda mstari mnyoofu, haukuzunguka. Maji yalikuwa ya mvua, kutoka kwenye tangi lililokingwa chini ya mabati hayohayo, kwa sababu maji ya mvua yakikauka hayaachi chokaa. Nilitazama kwa wivu. Gari langu mimi liliwahi kuoshwa mahali fulani kwa sponji iliyoanguka chini, ikaokotwa, ikaendelea na kazi. Hadi leo, likisimama chini ya taa, naona utando wa buibui mlango mzima.

Baada ya karatasi ya mkate ulikuja udongo. Si udongo wa mfinyanzi. Ni donge la kijivu linalouzwa kwa kazi hii, laini kama unga wa chapati uliopumzika. Alikata kipande cha ukubwa wa limau, akakikanda, akakibonyeza kiwe bapa kama vidole vinne. Akanyunyizia boneti maji yenye sabuni kidogo, akaanza kukitelezesha, mbele na nyuma, kwa uzito wa vidole tu. Mwanzoni kilikwama na kulia. Mara ya sita au ya saba kililegea. Mara ya kumi hakikutoa sauti yoyote, na yeye hakutazama rangi hata kidogo wakati huo wote. Alikuwa ameinamisha kichwa, anasikiliza. Sauti ilipokufa, akasogea nusu mita.

Kila alipomaliza sehemu aligeuza udongo nikaona upande wa chini: madoa meusi ya lami, vumbi la breki, nukta za rangi ya chungwa. Aliukunja uchafu ndani, akaubonyeza upya, akaendelea na uso mpya. Kwenye mlango wa nyuma kipande kikamponyoka kikaanguka sakafuni. Hakukiokota ili akisuuze. Alikisukuma kwa kiatu hadi kwenye takataka, akakata kingine. Kilikuwa kimebaki zaidi ya nusu, na donge lile si bei rahisi, lakini chembe moja ya mchanga ikinata humo inageuka msasa.

Mashine ya kupigia polishi ilipiga kelele kuanzia saa tano. Alikwisha kufunika kila ukingo wa mpira kwa karatasi ya gundi, maana polishi ikiingia kwenye mpira mweusi hukauka ikawa nyeupe na haitoki. Aliweka matone manne ya polishi kwenye sifongo ya mashine, akayapaka kwa mkono kabla ya kuwasha, la sivyo yangetapakaa hadi ukutani. Akaenda mraba kwa mraba, akipunguza mwendo kila alipokaribia mkunjo wa bodi, na baada ya kila mraba akaweka mgongo wa mkono juu ya bati kupima joto. Nilimuuliza kwa nini haongezi nguvu pale palipokuwa na mkwaruzo mrefu karibu na kitasa. Akanionyesha unywele wake mwenyewe. "Klia ni nyembamba kuliko huu," alisema. Ni kweli: ile tabaka angavu iliyo juu ya rangi, kwenye gari lililotoka kiwandani, ni kama mikroni 40 au 50, na unywele wa mtu hupita hapo. Ukishaila hairudi. Aliupunguza mkwaruzo ule hadi ukawa kivuli, akauacha.

Nilidhani tumefika. Gari lilikuwa linawaka. Yeye akachukua spiriti iliyochanganywa na maji, akalifuta lote, na mng'aro ukashuka mbele ya macho yangu. Mafuta ya polishi hujaza mikwaruzo midogo na kuificha. Alitaka kuona rangi ilivyo, bila vipodozi, na zaidi ya hapo alitaka silanti ikutane na klia tupu. Hapa pana jambo ambalo wengi hulikosea. Silanti imetengenezwa viwandani, kwa kemikali zinazoshikana na rangi na kushikana zenyewe kwa zenyewe zinapokauka, na inaweza kudumu miezi kadhaa. Nta ni laini, hukaa juu tu, na huku kwetu miezi miwili ni bahati. Kwa hiyo silanti inatangulia, nta inafuata. Ukianza na nta, silanti haina pa kushika. Ni sawa na kupiga plasta juu ya ukuta uliopakwa samli. Na kuna nta zenye polishi ndani yake. Ukipaka hizo juu ya silanti, unaifuta silanti uliyoilipia.

Saa kumi jioni, mvua ikiwa imepamba moto na turubai likipigapiga, alipaka koti la kwanza. Tone la ukubwa wa punje ya mahindi lilitosha mlango mzima. Alilisambaza hadi ikabidi niiname kuelekea kwenye taa ndipo nione ukungu wake. Kijana mmoja anayejifunza kwake alikuwa amepaka bawa la mbele, jeupe kama uji. Fundi hakumkemea. Alimpa kitambaa na kumwambia, "Futa, uone itakavyokutesa," na kweli ilimtesa, kwa sababu kinachozidi hakishiki chochote. Kinakuwa kazi ya kuondoa tu. Kisha wakangoja. Kwenye chupa imeandikwa dakika 30, lakini hayo ni maelezo ya nchi yenye joto. Fundi aligusa kona ya buti kwa ncha ya kidole, akakivuta kidogo. Alama ikabaki na mafuta. Akaketi. Baada ya dakika kumi akagusa tena. Nusu saa ikapita, ikapita nyingine, chai ikaletwa. Aliporidhika, kidole kiliacha njia safi katikati ya ukungu, akainuka, akakunja kitambaa mara mbili ili apate nyuso nane, na akafuta gari lote bila kukandamiza popote. Wakafunga turubai. Gari likalala.

Asubuhi ya pili nilipita kando ya shamba la chai kwenda bandani, na umande ulikuwa umesimama kwenye majani yaliyokomaa ya chini, yale magumu yasiyochumwa, ukiwa matone mviringo kama shanga. Jani la chai nalo limevaa nta. Mimea mingi inayo, ngozi nyembamba ya kuzuia maji yasipotee. Nta bora ya magari hutoka hukohuko, kwenye jani: ni ya mti mmoja wa jamii ya mnazi, wa kaskazini mashariki mwa Brazili, uitwao karnauba, ambao majani yake hukaushwa na kupigwa hadi nta ikatoka kama unga. Sisi nta tuliyoizoea ni ya nyuki, ile ambayo Waogiek wa msitu wa Mau wameijua siku zote pamoja na asali. Lakini nta ya nyuki huanza kuyeyuka kwenye digrii 62 hivi, na boneti nyeusi juani inaweza kufika huko. Ya karnauba huvumilia hadi digrii 80 na zaidi. Ndiyo maana imo pia ndani ya rangi nyingi za viatu za kopo. Aliyesoma shule ya bweni anaujua mpangilio huu tayari: paka kidogo, acha ikauke, brashi, kitambaa. Tulichokosa pale bwenini ni uvumilivu wa ile hatua ya katikati.

Koti la pili la silanti lilikwenda kama la kwanza, nami sina la kuongeza isipokuwa swali nililouliza. Kama mawili ni mazuri, kwa nini si matano? Wapo wanaojisifu makoti kumi. Fundi alisema la pili ni la kufunika pale mkono ulipopitiwa mara ya kwanza. Baada ya hapo unapaka juu ya kitu kisichotaka kushikwa, na ukifuta unaondoa karibu yote uliyoweka. Namwamini, hasa kwa sababu angeweza kumtoza mwalimu hayo matatu mengine. Vilevile alimwambia mwalimu kwa simu, bila kuulizwa, kwamba haya yote hayazuii jiwe la murramu wala mvua ya mawe. Yanapunguza makali ya jua, utomvu na kinyesi cha ndege, na yanafanya tope litoke kwa maji.

Siku ya tatu ilikuwa ya nta. Kopo dogo, nta ya manjano iliyokolea, ngumu kwa baridi ya asubuhi. Alilishika katikati ya viganja viwili kama mtu anayeota moto kwa kikombe cha chai, hadi uso wa nta ukalainika. Akapaka boneti, mlango, mlango, buti, kila sehemu peke yake, akisubiri ukungu, akifuta kabla haujawa mgumu. Silanti ilikuwa imelipa gari mng'aro wa kioo, mkali, wa baridi kidogo. Nta ikaongeza kina. Sijui nielezeje zaidi: weusi uliacha kuwa juu ya bati, ukawa kama maji ya kisima yanayotazamwa kutoka ukingoni. Nailoni ya mkate ilipopita mara ya mwisho haikusema kitu.

Mwalimu alifika saa tisa kasoro, na mvua nyuma yake. "Chamgei, fundi," akasalimu. Fundi alimjibu, akalisogeza gari nje ya banda makusudi, likanyeshewa. Maji yalipasuka yakawa shanga, shanga zikaungana, zikateremka kwenye boneti kwa mistari iliyokatika. Mwalimu alicheka peke yake. Kijana akatoa simu kupiga picha.

Fundi alikuwa amechuchumaa upande wa abiria, mvua inampiga mgongoni, anatazama chini ya kioo cha pembeni. Pana upana wa vidole viwili pale ambapo maji hayakusimama. Yalilala bapa, kama kwenye gari lolote. Akayafuta kwa kidole gumba, akangoja mengine yashuke. Yakalala tena.

"Mwalimu," akaita bila kuinuka, "Jumamosi nirudishie hii. Asubuhi, kabla ya mvua."

Mwalimu akauliza kuna nini, yeye haoni kitu.

"Mimi naona," fundi akasema, akamwaga maji mahali palepale kwa kiganja, atazame mara ya tatu.