Nahau za Kiingereza na Asili Zake

Mvua inyeshapo kwa nguvu, Mwingereza husema kwamba wananyesha paka na mbwa. Mwanafunzi atakayeyapima maneno hayo moja moja hatapata maana. Ndiyo tabia ya nahau: maneno ni yale yale ya kila siku, lakini maana imejificha nyuma yake.

Wako wasimulizi wanaodai kwamba zamani wanyama hao walilala juu ya mapaa ya nyasi, na mvua ikiwatelezesha hata wakaanguka. Hadithi hii huchekesha, lakini haifai kuaminiwa. Mnyama akimbiaye mvua hujificha chini ya paa, si juu yake. Utamu wa hadithi si ushahidi.

Asili zilizo thabiti mara nyingi hutoka katika kazi za watu. Waingereza walisafiri baharini kwa matanga karne nyingi, na lugha yao ingali inanukia chumvi. Mlevi apepesukaye husemwa kuwa ana “shiti” tatu katika upepo. Wengi hudhani hizo ni shuka. Kumbe kwa mabaharia ni kamba za kuzuia tanga, ambazo wanamaji wa pwani yetu huziita demani. Kamba hizo zikilegea, tanga hupigapiga ovyo na chombo huyumba kama mlevi.

Jambo hili lisitushangaze. Nasi husema, “Enda tezi na omo, marejeo ni ngamani,” na wengi wetu hatujapata kukanyaga jahazi. Bahari imebaki katika kinywa cha mtu wa bara.

Basi kosa liko wapi? Liko katika kuhamisha maneno na kuiacha maana. Siku hizi twasikia, “Mwisho wa siku, elimu ndiyo ngao.” Siku gani hiyo, na jua lake limetua wapi? Msemaji amelitwaa vazi la Kiingereza na kulivika Kiswahili, hali Kiswahili kina “hatimaye” na “mwishowe” tangu zamani.

Ukikutana na nahau ya kigeni, uliza kwanza ilizaliwa katika kazi gani, kisha maana yake ni nini, na mwisho Kiswahili husemaje. Afanyaye hivyo atazijua lugha mbili; asiyefanya hivyo ataziharibu zote mbili.