Sera ya Vijana na Silaha za Sauli

Wasomaji wengi wamekwisha kusikia habari za Sera ya Taifa ya Maendeleo ya Vijana, lakini ni wachache walioshika kitabu chake mkononi. Sisi tumekisoma, kile cha mwaka 2007 kilichochukua mahali pa kile cha kwanza cha mwaka 1996, tena tukakisoma mara ya pili polepole, maana mara ya kwanza usingizi ulitushinda. Na kwa kuwa kitabu hiki kinanena habari za wana wetu wenyewe, twaona si vibaya kukipima kama tupimavyo vitabu vingine.

Tuanze na lililo jema. Waandishi wake hawakuwadharau vijana. Wanamhesabu kijana kuwa ni mtu wa miaka 15 hata 35. (Sisi tuandikao haya hatujauvuka mpaka huo, basi kwa hesabu ya Serikali tu vijana bado, ingawa watoto wa shule hutuamkia shikamoo kama wazee.) Wananena habari za kazi, na ukimwi, na michezo na sanaa, na haki ya msichana kuwa sawa na ndugu yake wa kiume. Wala hawakusahau kutaja kazi ya wazazi na ya mashirika ya dini. Jambo hilo tutalirudia, maana latugusa sisi kuliko tupendavyo.

Lakini kitabu kina ugonjwa mmoja, nao ni ugonjwa wa lugha. Penye jambo jepesi, mtendaji hutajwa; penye jambo zito, mzigo hukabidhiwa wadau. Tumemtafuta huyu mdau kijijini kwetu, tukauliza kwa mtendaji wa kijiji, na kwa mchungaji, na kwa mwenye duka, na kila mmoja akamwonyesha mwenziwe. Sentensi isiyo na mtendaji haina wa kuulizwa. Twawafundisha watoto wa darasa la nne kutafuta kiima kwanza, ndipo kiarifa; laiti waandishi wa sera wangerudi kwetu wiki moja tu! Ona habari ya Baraza la Vijana la Taifa: sheria yake ilipitishwa Bungeni mwaka 2015, nayo ni sheria kamili, lakini miaka ikapita mmoja baada ya mwingine na baraza lisiitishwe. Nani alichelewa? Kiima hakionekani.

Sasa twende penye fedha, maana hapo ndipo maneno hupimwa. Tangu mwaka 2018 sheria yaamuru kila halmashauri itenge sehemu 10 kwa 100 za mapato yake ya ndani, ikopeshe bila riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, na 2 kwa watu wenye ulemavu. Twasema wazi ya kuwa hii ni sheria njema, tena ni nadra kuona ahadi ya sera ikipewa tarakimu. Walakini, tazameni vema. Ni sehemu 10 za mapato yapi? Jiji la Dodoma lina nyumba za wageni, na masoko, na viwanja, na maduka yaliyoongezeka sana tangu Serikali ilipoanza kuhamia huku mwaka 2016. Bahi na Chamwino wao hutegemea ushuru wa mazao na ada za minada ya mifugo. Nasi tuijuao nchi hii kame, yenye msimu mmoja wa mvua, toka Desemba hata Aprili, twajua ya kuwa mvua ikikatika Januari mtama hukauka kabla ya kuchanua, na ushuru hukauka pamoja nao. Basi katika mwaka wa njaa, ambao kijana wa Ugogo ahitaji msaada kuliko miaka yote, ndipo kapu la halmashauri yake huwa tupu. Aliye jirani na tajiri hukopeshwa, aliye jirani na maskini huambiwa asubiri. Sheria ni moja, na watoto ni wa nchi moja.

Tena Aprili 2023 mikopo hiyo ilisimamishwa nchi nzima, kwa kuwa wakaguzi walikuta fedha nyingi hazijarejeshwa na vikundi vingine havionekani. Ilipofunguliwa tena mwaka 2024, halmashauri 10, mojawapo Jiji la Dodoma, ziliwekwa katika jaribio la kukopesha kwa njia ya benki. Kusimamisha kulikuwa na sababu ya haki. Lakini waliolipa kwa uaminifu walifungiwa mlango pamoja na wezi, na kijana aliyekuwa na miaka 34 wakati ule akauvuka mpaka wa ujana akiwa amekaa nje akingoja.

Tutaje tuliloliona kwa macho. Vijana kumi na mmoja wa kijiji kimoja, watano kati yao wanafunzi wetu wa zamani, waliomba mkopo wa kulima alizeti. Kanuni za kwanza, za mwaka 2019, zilitaka kikundi kisichopungua watu kumi, nao wakajikusanya, wawili wao hata hawakujuana vizuri na wenzao. Sisi tuliwaandikia katiba. Tukawaandikia na andiko la mradi, kurasa saba, na kwa kweli tulijivuna kwa mwandiko wetu. Wakaenda mjini mara nne kwa nauli zao. Fedha zikaja mwezi wa Machi. Mtu awaye yote aliyezaliwa nyanda hizi ajua ya kuwa alizeti ya Machi ni kuni za Juni. Wakalima hata hivyo, kwa kuwa andiko lilisema watalima, nao waliogopa kuonekana wametumia fedha kwa kazi nyingine. Walivuna magunia mawili. Leo wanne wamebaki wakilipa deni la kumi na mmoja; wengine wako Dodoma mjini, juu ya pikipiki na katika kubeba matofali. Hatusemi ofisi ile ilikuwa mbaya. Karani wake alikuwa mpole, alituketisha kitini. Ila kalenda yake huanza Julai, na kalenda ya mkulima huanza na wingu.

Mtu atauliza, je, haifai basi Serikali ifanye mambo makubwa, isihangaike na vikundi vidogo? Imefanya. Machi 2023, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua shamba la pamoja la Chinangali, wilaya ya Chamwino, katika mradi uitwao Jenga Kesho Iliyo Bora, na vijana 812 walichaguliwa kati ya waombaji zaidi ya 20,000. Huko maji yatoka ardhini kwa mashine, nalo ni jambo la maana kuliko hotuba zote, kwa sababu linajibu swali lenyewe la nchi hii. Hatulicheki. Lakini nyanda hizi zina kumbukumbu yake. Huko Kongwa, mwaka 1947, Waingereza walileta matrekta na mamilioni ya fedha ili walime karanga, wasiwaulize wenyeji habari za mvua wala za udongo ule ugeukao jiwe wakati wa kiangazi; na mwaka 1951 waliacha, wakiwa wamepoteza pauni kama milioni 36. Chinangali si Kongwa. Ila twapenda kujua, miaka ijayo, ni wangapi wa wale 812 wangali shambani, na kijana wa kijiji cha jirani amejifunza nini kwa kutazama juu ya ua. Habari hizo zingefaa kubandikwa kwenye ubao wa kila kata.

Mwakumbuka Daudi alipotaka kumkabili yule Mfilisti, mfalme Sauli alimvika silaha zake mwenyewe, chapeo na deraya, kwa nia njema kabisa. Kijana akajaribu kwenda, asiweze, akavua. Tuisomapo Sera twamwona Sauli huyo. Vazi ni zuri, lakini halikushonwa kwa kipimo cha mchungaji wa ng'ombe. Hakuna aliyeuliza ana nini mkononi.

Naye kijana wa kwetu ana kitu mkononi: ajua ng'ombe. Wazee wetu walikuwa na desturi, nayo haijafa, ya mwenye ng'ombe wengi kuwatawanya kwa jamaa na rafiki, ili ukame au ugonjwa usimwangamize kwa siku moja. Aliyewekewa hunywa maziwa, hutia samadi shambani mwake, na mara nyingine hupewa ndama. Hapana andiko la kurasa saba, wala katiba, wala watu kumi wasiojuana; mdhamini ni jina lako, na jirani waona kila siku kama mnyama amekonda. Zaidi ya hayo, mkopo huo haungoji mwezi wa Julai.

Na hapa ndipo Sera inapotugeukia sisi, wazazi na Wakristo, kwa ule ukurasa tuliosema tutaurudia. Twainung'unikia halmashauri kwa sehemu zake 4 kwa 100. Je, mwenye ng'ombe 50 kati yetu, akitoa sehemu hizo hizo 4, si mitamba miwili? Tumehudhuria ibada za mavuno miaka mingi, tukaona mitamba ikinadiwa mbele ya kanisa kwa ajili ya bati na viti, na wanunuzi ni wale wale wenye zizi lililojaa. Hatujaona hata mmoja akiwekewa kijana, kwa sharti la kumpa mwenziwe ndama jike wa kwanza. Katika usharika wetu jambo hili limepelekwa mbele ya baraza la wazee, na kikao kimewekwa baada ya mavuno. Wale vijana wanne wenye deni wamealikwa waje waseme.