Kipindi Kisichosogeza Msuko: Upokezi wa "Jurassic Bark" katika Tamthilia ya Futurama na Mipaka ya Dhana ya Kujazia

1.0 Utangulizi

Miongoni mwa watazamaji wa tamthilia za mfululizo, kukiita kipindi fulani kuwa ni cha kujazia ni kukihukumu. Hudaiwa kwamba kipindi hicho kimewekwa ili kutimiza idadi ya vipindi vya msimu, na kwamba anayekiruka hapotezi kitu. Hukumu hiyo hutegemea kipimo kimoja tu, yaani msuko: kipindi kinachousogeza mbele kina thamani, na kisichousogeza ni ziada. Makala hii inakihoji kipimo hicho kwa kuchunguza upokezi wa kipindi cha "Jurassic Bark" cha Futurama, tamthilia ya uhuishaji ya Marekani iliyobuniwa na Matt Groening, inayochekesha kwa kusawiri maisha ya takriban miaka 1,000 ijayo. Kipindi hicho kilirushwa tarehe 17 Novemba 2002 na kituo cha Fox. Hoja inayojengwa ni kwamba mguso wa kipindi hiki kwa watazamaji ulitokana na kule kutokusogeza kwake msuko, na kwamba kilipokuja kuunganishwa na msuko mwaka 2007, sehemu ya mguso huo ilipotea.

2.0 Upeo wa Matarajio na Suala la Kujitosheleza

Kwa mujibu wa Hans Robert Jauss, kazi ya sanaa hupokelewa ndani ya upeo wa matarajio ambao hadhira imekwisha kujengewa na kazi zilizotangulia. Hadhira ya Futurama ilikuwa na matarajio mawili. La kwanza ni la utanzu: kichekesho hufungwa kwa kicheko. La pili ni la msuko: tangu kipindi cha kwanza cha mwaka 1999, Fry, msambazaji wa piza jijini New York, huganda usiku wa kuamkia mwaka 2000 na kuzinduka tarehe 31 Desemba 2999. Vipindi kadhaa hurudi kwenye tukio hilo na kulifumbua. Katika "Roswell That Ends Well" (2001) Fry anakuwa babu yake mwenyewe, na "The Why of Fry" (2003) inaligeuza jambo hilo kuwa sababu ya kugandishwa kwake. Vipindi hivyo viwili hutegemeana.

"Jurassic Bark" hakikutegemewa na kipindi chochote hadi tamthilia ilipoondolewa Fox mwaka 2003. Kwa kipimo cha msuko, basi, ni cha kujazia. Hata hivyo, kanuni za ushairi wa kimapokeo wa Kiswahili zinatoa mizani ya haki zaidi. Katika kanuni hizo, ubeti hutakiwa kujitosheleza. Ubebe wazo lililokamilika hata kama utungo unaendelea. Kujitosheleza huko huhesabiwa kuwa sifa. Kinacholaumiwa ni neno lililopachikwa ndani ya mshororo ili kutimiza mizani tu, bila kuongeza maana. Kwa hiyo kujitegemea na kujazia ni mambo mawili tofauti, na dhana wanayoitumia watazamaji huyachanganya. Swali la kihakiki si kama kipindi kinahitajiwa na vingine, bali kama sehemu zake zinahitajiana.

3.0 Ujenzi wa Kipindi na Pengo Linaloachwa

Fry anakuta katika jumba la makumbusho kisukuku cha Seymour, mbwa aliyekuwa wake kabla ya kuganda. Profesa Farnsworth anadai anaweza kumrejesha mbwa huyo pamoja na kumbukumbu zake. Roboti Bender, kwa wivu, anakitupa kisukuku katika lava, kisha anajutia na kukiopoa. Uchunguzi unaonesha kwamba Seymour alikufa akiwa na umri wa miaka 15, yaani aliishi miaka 12 baada ya Fry kutoweka. Fry anakata shauri kutomrejesha, akiamini kuwa mbwa aliishi maisha yake na kumsahau. Ndipo mbinurejeshi ya mwisho inapomwonesha Seymour akiwa nje ya mkahawa wa Panucci, majira yakipita, akimngoja Fry kama alivyoagizwa, mpaka anapozeeka na kufumba macho.

Yapo malalamiko kwamba sehemu ya Bender na lava imerefushwa. Yakisomwa kwa kigezo cha kujitosheleza, malalamiko hayo yana uzito, kwa kuwa vichekesho kadhaa vya wivu wake hurudia jambo lile lile. Lakini urefu huo una kazi. Unaielekeza taharuki ya mtazamaji kwenye swali lisilo lenyewe: je, mbwa atafufuka? Swali la kile alichokifanya mbwa katika miaka ile 12 halisikiki mpaka limejibiwa. Hivyo kinachoonekana kuwa cha kujazia ndicho kinachomnyima mtazamaji nafasi ya kujiandaa.

Tofauti na "The Luck of the Fryrish" (2001), kipindi kingine kinachojitegemea, inaeleza zaidi. Humo Fry anaamini kwamba kaka yake alimwibia jina, lakini anagundua kaburini kwamba mwana wa kaka yake aliitwa kwa jina la Fry ili kumuenzi. Mhusika na mtazamaji wanaupata ukweli kwa pamoja, na machozi yao ni ya upatanisho. Katika "Jurassic Bark" mtazamaji anaujua ukweli peke yake. Fry anabaki na faraja ya uongo, tena aliyoifikia kwa nia njema. Wolfgang Iser anafafanua kuwa mapengo ya matini humwalika mpokeaji ayajaze. Pengo la hapa halijaziki, kwa sababu anayepaswa kuambiwa hawezi kuambiwa. Hicho ni kinaya cha kidrama kisicho na kicheko cha kukifungia.

Mwitiko wa watazamaji unalingana na ujenzi huo. Kipindi hiki hutajwa mara kwa mara miongoni mwa vilivyohuzunisha zaidi katika uhuishaji wa runinga, na wapo wanaokisifu huku wakikiri kwamba hawataki kukitazama tena. Wengine hukiona kuwa kimechezea hisia za watu waliokuja kucheka. Mikondo hiyo inakinzana katika hukumu lakini inakubaliana katika ushahidi: yote inashuhudia kuvunjwa kwa upeo wa matarajio. Kuteuliwa kwake kuwania Tuzo ya Emmy mwaka 2003 kunaonesha pia kwamba kutohitajiwa na msuko hakukukizuia kuthaminiwa nje ya kundi la mashabiki.

4.0 Marekebisho ya Mwaka 2007

Filamu ya Bender's Big Score, iliyotolewa katika DVD Novemba 2007, ilirudi kwenye kisa hiki. Kwa njia ya safari za wakati, nakala ya Fry inarejea mwaka 2000 na kuishi tena na Seymour, hadi mwaka 2012 mlipuko uliosababishwa na Bender unapomgeuza mbwa kuwa kisukuku. Kwa maelezo hayo, Seymour hakufa akiwa ameachwa. Marekebisho haya yanaweza kusomwa kama jibu kwa huzuni ya hadhira.

Hapa ndipo kipimo cha msuko kinaposhindwa waziwazi. Tangu hapo kipindi kilihitajiwa na msuko mkuu; kilikoma kuwa cha kujazia. Kama kipimo kingekuwa sahihi, thamani yake ingepaswa kupanda kwa kila mtazamaji. Badala yake upokezi uligawanyika. Wapo waliopata nafuu ya kweli, na nafuu hiyo haistahili kubezwa. Mtu aliyebeba taswira ya mbwa yule kwa miaka mitano ana haki ya kufarijiwa. Lakini wapo pia walioona kwamba wamenyang'anywa kitu, kwa kuwa uaminifu wa Seymour ulikuwa na uzito kwa sababu haukulipwa. Ukilipwa, unabaki kuwa subira ya kawaida iliyofika mwisho wake.

5.0 Hitimisho

Uhakiki huu umebainisha kwamba dhana ya kujazia, kama inavyotumiwa na watazamaji, inapima kazi ya kipindi katika mfululizo na kuiita thamani. Upokezi wa "Jurassic Bark" unaonesha kuwa vitu hivyo viwili vinaweza kwenda kinyume: kipindi kilikumbukwa kilipokuwa hakihitajiwi, na kilizua mgogoro kilipohitajiwa. Tafiti za upokezi wa tamthilia za mfululizo zingefaidika kwa kuanza na kigezo cha kujitosheleza kabla ya kuuliza suala la msuko. Filamu ya mwaka 2007 imempa Seymour mwenzi wa kuishi naye. Haikubadilisha kile ambacho mtazamaji wa mwaka 2002 alikiona, wala kumwezesha Fry wa kipindi kile kujua kwamba alingojwa.