Mfanano, Uhalisia na Uwakilishi: Istilahi za Maonyesho ya Picha za Marekani

Katika uwanja wa sanaa za kuchora, Kiswahili bado kina deni la istilahi. Fasihi imekwisha kujipatia msamiati wake wa uhakiki: mwanafunzi wa riwaya anajua dhamira, maudhui, wahusika na mandhari, na anaweza kubishana na mwalimu wake kwa maneno hayo bila ya kukopa neno la kigeni. Lakini mtu anayesimama mbele ya picha iliyotundikwa ukutani, akataka kuieleza kwa Kiswahili sanifu, aghalabu hubaki na neno moja tu: uhalisia. Picha ambayo ndani yake mtu anaonekana kuwa mtu na nyumba inaonekana kuwa nyumba huitwa ya uhalisia. Isiyokuwa hivyo huitwa dhahania. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba mgawanyo huo hautoshi, na kwamba neno uhalisia limebebeshwa mizigo ambayo yafaa igawanywe.

Ushahidi wetu tumeutoa katika maonyesho ya majumba ya makumbusho ya Marekani. Tumefanya hivyo kwa sababu katika nchi hiyo ugomvi baina ya picha zenye kufanana na vitu na picha dhahania ulikuwa mkali kwa miaka mingi, na aghalabu uligombewa kwa njia ya majina. Aidha, baadhi ya picha hizo zimesambazwa kwa nakala vitabuni na magazetini duniani kote, hata msomaji ambaye hajafika New York wala Chicago huenda amekwisha kuziona.

Maneno yaliyopo

Tuanze kwa kupima maneno matatu ambayo mwandishi wa Kiswahili anaweza kuyakimbilia.

La kwanza ni hilo uhalisia. Asili yake ni halisi, yaani kisicho bandia, kilicho cha kweli. La pili ni uwakilishi. Neno hili humjia mfasiri anayefuata kitenzi kilichomo ndani ya istilahi ya Kiingereza, akasema "sanaa ya uwakilishi". Lakini kwa Mswahili, kuwakilisha ni kusimama badala ya mwingine: mjumbe huwakilisha kijiji chake, balozi huwakilisha nchi yake, wala hapana alazimishaye balozi afanane kwa sura na nchi aliyotoka. La tatu ni taswira. Hili ni neno zuri, ila wahakiki wa ushairi wamekwisha kulichukua kwa maana ya picha zinazojengwa akilini kwa maneno. Kulirudisha ukutani kutaleta utatanishi.

Sasa tuyapeleke maneno haya mbele ya picha zenyewe.

Kufanana si kuwa kweli

Mwaka 1948 Andrew Wyeth alichora picha aliyoiita Ulimwengu wa Christina, kwa rangi zilizochanganywa na kiini cha yai. Mwaka uliofuata ilinunuliwa na Museum of Modern Art ya New York. Humo tunamwona mwanamke mwenye gauni la waridi, ameketi chini katika uwanda wa nyasi kavu, ametupa mgongo, anaielekea nyumba iliyo mbali juu ya kilima. Kila unywele na kila unyasi unahesabika. Mtazamaji aliyefundishwa kwamba hii ni picha ya uhalisia huamini kwamba hivi ndivyo alivyokuwa mtu huyo.

Kweli yenyewe ni nyingine. Christina Olson, jirani wa mchoraji huko Maine, alikuwa na miaka 55 wakati huo, na kwa kuwa hakuweza kutembea alikuwa akijikokota kwa mikono. Kiwiliwili kilichomo pichani ni cha mke wa mchoraji, Betsy, aliyekuwa na miaka 26. Mfanano ni kamili, lakini mtu huyo hakupata kuwako. Je, neno lililozaliwa na halisi linaifaa picha hii?

Kadhalika picha ya Grant Wood iitwayo American Gothic, iliyopata tuzo katika maonyesho ya Art Institute of Chicago mwaka 1930 na kubaki humo hadi leo. Wengi hudhani kwamba ni picha ya mkulima na mkewe mbele ya nyumba yao. Nyumba ipo kweli, katika mji mdogo wa Eldon, Iowa. Lakini mwanamke ni dada wa mchoraji, na mwanamume ni daktari wake wa meno. Wawili hao hawakusimama pamoja mbele ya nyumba hiyo ili wachorwe, na mchoraji aliwakusudia wawe mkulima na binti yake. Hapa nyumba halisi, nyuso halisi na uma halisi wa nyasi vimekutanishwa kufanya jambo ambalo halikutokea.

Ni dhahiri basi kuwa twahitaji neno litakalosema jambo moja tu, yaani kwamba kilichomo pichani kinafanana na vitu tuvijuavyo, bila ya kutoa ahadi yoyote kuhusu ukweli wake. Neno tunalolipendekeza ni mfanano. Sanaa ya mfanano ni ile ambayo mtazamaji anatambua ndani yake mtu, mnyama, mti au chombo. Kinyume chake ni sanaa dhahania.

Uhalisia ni msimamo

Tukikwisha kuutua mzigo huo wa kwanza, uhalisia utabaki na kazi yake yenyewe, ambayo wahakiki wa fasihi wameijua siku zote: msimamo wa msanii wa kuyaonyesha maisha kama yalivyo, bila ya kuyapamba.

Mfano ulio bora ni picha ya Thomas Eakins ya mwaka 1875, inayomwonyesha daktari Samuel Gross akipasua paja la mgonjwa mbele ya wanafunzi wake. Kisu kina damu, na mkono wa daktari una damu. Katika Maonyesho ya Karne yaliyofanyika Philadelphia mwaka 1876, picha hiyo ilikataliwa katika jumba la sanaa, ikatundikwa katika banda lililoonyesha hospitali ya jeshi. Waamuzi hawakuikataa kwa sababu ya mfanano, maana jumba lile lilijaa picha zenye mfanano. Kilichowakera ni uhalisia: mchoraji alikataa kuifuta damu. Mwandishi asiye na maneno mawili hawezi kueleza kisa hiki. Tukumbushe pia kwamba jina la Kiingereza la picha hii hulaghai. Anayelifasiri kuwa "Kliniki ya Gross" humpeleka msomaji kwenye foleni ya wagonjwa, ilhali kinachoonyeshwa ni somo. Darasa la Upasuaji la Dakta Gross lingekuwa karibu zaidi na ukweli.

Utatanishi huu hauwapati Waswahili peke yao. Baada ya Vita Kuu ya Pili, picha dhahania zilitukuzwa mno katika majumba ya New York, hata wachoraji wa mfanano wakajiona wametupwa. Mwaka 1953 kundi lao, Edward Hopper akiwa mmojawapo, lilianzisha jarida la kujitetea, nalo likaitwa Reality, yaani uhalisi. Jina hilo lilikuwa silaha nzuri ya vita, kwa sababu anayejiita mtetezi wa uhalisi humwachia mpinzani wake uongo. Lakini silaha ya vita si lazima iwe istilahi nzuri. Picha ya Hopper mwenyewe ya mwaka 1942, yenye watu wanne katika mkahawa usiku, ni ya mfanano bila shaka. Ila mitaa mitupu na kioo kile kisicho na mlango wa kutokea ni mambo aliyoyapanga ili tuhisi upweke.

Mazingaombwe na kamera

Ndani ya sanaa ya mfanano mna mikondo midogo inayohitaji majina. Tutaje miwili.

Mwaka 1943 Museum of Modern Art ilifanya maonyesho ya Wamarekani wa uhalisia pamoja na wa mkondo ambao fasihi yetu imezoea kuuita uhalisia-mazingaombwe. Waandaaji waliufahamu mkondo huu kuwa ni wa wachoraji wanaotumia ustadi sahihi kabisa ili kuyafanya yaaminike mambo ya ndoto, au yasiyoelekea kutokea. Baadhi ya wasomaji wetu huenda wakaliogopa neno mazingaombwe kwa kudhani kuwa linaleta uchawi. Sisi twaona kuwa wahakiki wa fasihi walichagua vyema, na kwamba neno lao linaifaa picha kuliko hata riwaya. Mfanya mazingaombwe hukunja mikono ya kanzu, akaonyesha viganja vitupu mchana kweupe, kisha akafanya lisilowezekana mbele ya macho ya watu. Hivyo ndivyo wafanyavyo wachoraji hao: hawakuficha kitu, na bado jicho limedanganyika. Istilahi hii ichukuliwe kama ilivyo.

Mkondo wa pili una shida zaidi. Mwaka 1970 Whitney Museum of American Art ilionyesha kazi za wachoraji 22 wa uhalisia, na katika kitabu cha maonyesho hayo likachapishwa jina jipya la wale wanaochora kwa kuinakili picha iliyopigwa kwa kamera. Miongoni mwa walioonyeshwa walikuwa Robert Bechtle, mchoraji wa magari na vitongoji vya California, na Chuck Close, ambaye picha yake ya uso wake mwenyewe, aliyoimaliza mwaka 1968, inazidi mita mbili na nusu kwenda juu. Close aligawa picha ndogo ya kamera katika miraba, akahamisha mraba mmoja mmoja hadi kwenye turubai. Sehemu za uso ambazo kamera haikuziona sawasawa, naye alizichora zikiwa na ukungu vilevile.

Tutaliitaje jambo hili? Anayesema "uhalisia wa picha" hajasema neno, kwani kwa Kiswahili picha ni ile iliyochorwa, ni ile iliyopigwa, na ni ile ya sinema. Lugha yetu huzitofautisha kwa kitenzi tu: kuchora picha na kupiga picha. Kwa hiyo twapendekeza uhalisia-kamera. Neno kamera limekwisha kuwa la kila mtu, nalo linataja jambo lenyewe, kwamba mchoraji hakuinakili dunia bali aliunakili utazamaji wa chombo.

Uwakilishi urudi kwake

Tarehe 12 Februari 2018, National Portrait Gallery ya Washington ilifunua picha mbili zilizochorwa kwa ajili ya mkusanyo wake: ya Barack Obama, kazi ya Kehinde Wiley, na ya Michelle Obama, kazi ya Amy Sherald. Baadaye zikatembezwa katika majumba ya miji mingine ya Marekani. Picha hizi mbili zinatosha kuyapima maneno yetu yote.

Katika ile ya Wiley, Obama ameketi kitini mbele ya ukuta wa majani mabichi. Ndani ya majani mna maua: krisanthemu kwa ajili ya Chicago, asumini kwa ajili ya Hawaii alikozaliwa, na yungiyungi la buluu la Afrika kwa ajili ya Kenya, nchi ya baba yake. Uso ule ni mfanano, kwa kuwa tunamtambua mtu. Lakini ua lile halifanani na Kenya, laiwakilisha. Msomaji wa Nairobi au Kisumu anayeelezwa kwa Kiswahili kuwa picha nzima ni "ya uwakilishi" amenyang'anywa jambo hasa ambalo mchoraji aliliweka humo kumhusu yeye.

Katika ile ya Sherald, ngozi ya Michelle Obama ni ya kijivu, kama ilivyo desturi ya mchoraji huyo kwa watu weusi anaowachora. Mtu anatambulikana, lakini hapana mtu mwenye rangi hiyo. Mfanano upo; halisi ya rangi imeachwa kwa makusudi, ili mtazamaji asianze na rangi ya ngozi kabla ya kumfikia mtu.

Huenda msomaji akatupinga kwamba Whitney, ilipoonyesha kazi za Sherald mwaka 2025, ilimweka katika mkondo wa uhalisia wa Marekani. Nasi tumekuwa wakali kuliko wenyewe? Twajibu kwamba wenyewe wamerithi neno lililolegea kwa matumizi ya zaidi ya karne moja, nao wanalifidia kwa maelezo marefu ukutani. Sisi tunaotunga sasa hatulazimiki kurithi na ulegevu wake.

Mapendekezo

Twaviweka basi mbele ya wasomaji viingizo vitano:

mfanano (sanaa ya mfanano): sanaa ambayo vitu vilivyomo vinatambulikana kwa sura zake.
uhalisia: msimamo wa msanii wa kuonyesha maisha bila ya kuyapamba.
uwakilishi: kitu kusimama badala ya kingine bila ya kulazimika kufanana nacho.
uhalisia-mazingaombwe: mfanano sahihi unaotumiwa kuaminisha yasiyoelekea kutokea.
uhalisia-kamera: uchoraji unaofuata picha iliyopigwa kwa kamera, pamoja na dosari zake.

Neno mfanano lina sifa moja zaidi ambayo kila mtunga istilahi huitafuta, nayo ni ukoo. Kutoka fanana twapata fananisha, ufananishaji na mfananishaji, bila ya kuazima kitu. Wanafunzi wa hesabu nao wanajua kuwa maumbo yafananayo yaweza kutofautiana kwa ukubwa, na kwa hiyo uso wa mita mbili na nusu hautawashangaza. Tahadhari ni moja: neno hili lisichanganywe na fanani, yaani msanii, ambalo asili yake ni Kiarabu na halina undugu nalo.

Twawaomba walimu wa sanaa, watangazaji, waongozaji wa watalii katika majumba ya makumbusho na wachoraji wenyewe wayajaribu maneno haya mbele ya picha, kisha watuandikie. Pale neno litakapokwama mdomoni, au litakapomfanya mtazamaji aione picha vibaya, tungependa kujua ni picha gani na ni neno gani, ili lirekebishwe kabla halijaingia katika vitabu vya shule.